Bangi: stimu inakotoka na inakokupeleka

Kaa nusu saa kwenye kijiwe chochote cha bodaboda pale Majengo, Dodoma, utasikia kesi ya bangi ikihukumiwa kwa sentensi mbili. Mmoja atasema, "Ni majani tu haya, babu zetu walivuta na wakalima ekari kumi." Mwenzake atamjibu, "Endelea hivyo hivyo, tutakuletea ugali Mirembe," yaani hospitali ya wagonjwa wa akili. Watu wanacheka, abiria anatokea, kesi inaahirishwa hadi kesho.

Ubishi huu hauishi kwa sababu kila upande una shahidi. Wa kwanza anamjua mzee aliyevuta miaka arobaini na bado anapalilia mtama wake mwenyewe. Wa pili anamjua kijana wa mtaa huo huo aliyemaliza kidato cha nne akiwa mzima kabisa, na mwaka uliofuata akawa anagombana na redio akidhani inamsema yeye. Wote wawili wako sahihi. Kinachowachanganya ni neno lenyewe, maana "bangi" wanayoitaja inaweza kuwa kete ya majani makavu yaliyojaa mbegu, inaweza kuwa skanka, yaani bangi kali, iliyopenyezwa mpakani, inaweza kuwa kipande cha keki. Inaweza kuwa pafu moja la Jumamosi au misokoto sita kwa siku tangu mtu ana miaka kumi na minne. Hayo ni mambo tofauti kama bia moja na chupa nzima ya gongo.

Kilichomo kwenye moshi

Mmea wa bangi una kemikali zaidi ya mia za ukoo mmoja, lakini stimu ni kazi ya moja tu, THC. Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, watafiti wa Israeli, ndio walioitenga ikiwa safi mwaka 1964. Ndugu yake anayetajwa sana ni CBD, ambayo hailewesh​i. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji ya CBD kwa aina fulani kali za kifafa zinazoanza utotoni, na hapo ndipo usemi wa "bangi ni dawa" unapopata mguu mmoja wa kusimamia. Ni mguu mmoja kweli, kwa sababu dawa hiyo imesafishwa, inapimwa kwa miligramu kulingana na kilo za mgonjwa, na haina stimu. Msokoto hauna hata kimojawapo cha vitu hivyo.

Jani bichi halina THC ya kutosha kumlewesha mtu. Lina kemikali mama ambayo hugeuka THC ikipata joto, na ndiyo maana mbuzi wa Chamwino anaweza kutafuna mche mzima akaendelea na safari zake, ilhali mtu mwenye kiberiti na majani machache anakaa chini.

Kwa nini ubongo uitikie jani la porini? Kwa sababu mwili una kemikali yake inayofanana nalo kikazi. Iligunduliwa mwaka 1992 na kupewa jina la anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti "ananda", yaani furaha. Kazi yake ni kama ya dereva anayekanyaga breki kidogo kidogo: mishipa ya fahamu ikipiga kelele kupita kiasi, anandamidi huituliza, kisha huvunjwa haraka. THC inakaa kwenye vipokezi vile vile, yaani milango ya seli inayopokea anandamidi, ila yenyewe haivunjwi haraka, na haichagui mahali. Inakanyaga breki zote kwa pamoja.

Vipokezi hivyo vimejaa kwenye sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, sehemu ya mizani ya mwili, sehemu ya hamu ya chakula, na sehemu ya hofu. Ukiijua ramani hiyo, karibu kila kituko cha mvutaji kinaeleweka, kuanzia kusahau alichokuwa anasimulia hadi kumaliza sinia la chipsi mayai peke yake. Kwenye kituo cha upumuaji vipokezi ni vichache mno, ndiyo sababu mtu mzima haachi kupumua kwa bangi peke yake kama anavyoacha kwa heroini. Hiyo ni habari njema, lakini isivutwe mpaka ikakatika. Mtoto mdogo aliyekula keki yenye bangi anaweza kupoteza fahamu kabisa, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali wakati huo huo, pamoja na kile alichokula.

Raha yenyewe

Wanaotoa elimu mashuleni mara nyingi huruka hapa, na wanafunzi huwagundua mapema. Ukimwambia kijana kwamba bangi haina raha yoyote, halafu akaionja akacheka jioni nzima na rafiki zake, hatakuamini tena hata utakapomwambia la kweli.

Raha ipo. Inaanza ndani ya dakika chache baada ya pafu la kwanza, inafika kileleni kati ya dakika kumi na nusu saa, na inaisha polepole ndani ya saa mbili hadi nne. Misuli inalegea. Muziki unasikika kwa tabaka, gitaa la besi peke yake, ngoma peke yake. Muda unanyooka, dakika tano zinaonekana ishirini. Chakula cha jana kinakuwa kitamu. Jambo dogo linachekesha hadi mbavu zinauma. Mwenye maumivu ya muda mrefu anaweza kupata nafuu, na mwenye kukosa usingizi anauona unakuja.

Macho mekundu hutokana na mishipa ya damu kutanuka, wala si moshi tu. Kinywa kinakauka kwa sababu tezi za mate nazo zina vipokezi. Moyo unakwenda mbio, mapigo 20 hadi 50 zaidi kwa dakika, na mvutaji mgeni ndipo anapoanza kuogopa.

Sasa hesabu kidogo. Msokoto mwembamba una kama theluthi moja ya gramu ya majani, tuseme miligramu 300. Ikiwa majani hayo yana THC asilimia 5, ndani yake mna miligramu 15. Nyingi zinaungua au zinapotea hewani, na kinachoingia kwenye damu ni kati ya asilimia 10 na 35, yaani miligramu moja na nusu hadi tano. Weka skanka ya asilimia 15 kwenye karatasi ile ile, vidole vile vile, unene ule ule: sasa zinaingia kati ya nne na nusu na karibu kumi na sita. Mtafiti huhesabu miligramu 5 kuwa kipimo kimoja. Kwa hiyo anayesema "nimevuta msokoto mmoja tu" hajasema kitu. Na kwa kuwa hii ni bidhaa ya kificho, muuzaji mwenyewe hajui asilimia, na kete haina lebo.

Kubana moshi kifuani hadi machozi yatoke hakuongezi stimu ya maana. THC hunyonywa ndani ya sekunde chache za mwanzo. Kinachoendelea kuingia baada ya hapo ni lami na hewa ya kaboni monoksidi, na kizunguzungu kile ambacho watu hukiita "imeshika" kwa sehemu kubwa ni ubongo unaolilia oksijeni. Hewa kavu ya Dodoma nayo huyafanya majani yakauke hadi kuwa vumbi, msokoto unaungua upesi na kwa joto kali, koo linababuka. Ukiongeza karatasi ya gazeti yenye wino, umevuta na habari za wiki iliyopita.

Usiku unapoharibika

Ajali ya kawaida kabisa inatokana na kula. Bangi iliyovutwa inapita mapafuni na kufika ubongoni moja kwa moja. Iliyoliwa inapita tumboni, kisha kwenye ini, ambalo huigeuza kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi ya kulewesha. Safari hiyo inachukua nusu saa hadi saa mbili. Mtu anakula kipande cha keki saa moja jioni, saa moja na dakika arobaini haoni kitu, anasema "hii feki", anaongeza kipande cha pili. Saa tatu vipande vyote viwili vinafika kwa pamoja, na havishuki mpaka alfajiri.

Ajali ya pili ni kuchanganya na pombe. Pombe ikitangulia, THC hupanda zaidi kwenye damu kuliko ingepanda yenyewe. Aliyekunywa bia tatu kisha akapiga mapafu mawili anabadilika rangi, jasho la baridi linamtoka, dunia inazunguka, anatapika. Ukiongeza kwamba bangi hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama ghafla, utaelewa kwa nini wengi huanguka mlangoni wakiwa wanaelekea chooni.

Hali hiyo ikimkuta mtu, mlaze ubavu asije akapaliwa na matapishi. Mpeleke penye hewa na utulivu, mpe maji kidogo kidogo kama anaweza kumeza, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba itapita. Hofu inayokuja na bangi ni kali, mtu anaweza kuapa kuwa anakufa, na kelele za "umemuua mwenzako!" zinaizidisha mara mbili. Maziwa, limau na maji ya baridi kichwani havikati stimu, ingawa havidhuru. Kinachotaka hospitali ni maumivu ya kifua, degedege, kupoteza fahamu, au mtu kuona na kusikia visivyokuwepo hata baada ya kulala na kuamka. Daktari aambiwe ukweli wa kilichovutwa. Akifichwa, atatafuta malaria usiku kucha.

Halafu kuna pikipiki. Mvutaji hujiona amerudi sawa kabla hajarudi. Uwezo wa kukadiria mwendo na kushika breki kwa wakati unabaki chini kwa saa nne hadi sita baada ya kuvuta, na nane au zaidi baada ya kula. Kwenye barabara ya Singida usiku, ambako lori linaweza kuwa limeegeshwa bila taa, nusu sekunde ya kuchelewa ni mita nane kwa mwendo wa kilomita 60.

Miaka inapopita

Mapafu kwanza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1988 ulilinganisha msokoto na sigara ya kawaida, ukakuta mvutaji wa bangi anavuta ndani lami karibu mara tatu, na kaboni monoksidi inayoingia kwenye damu yake inaongezeka karibu mara tano. Sababu ni ya kimakanika tu: msokoto hauna kichujio, pafu lake ni refu, na moshi unabanwa. Kikohozi cha asubuhi chenye makohozi ni matokeo yanayojulikana vizuri, na hupungua mtu akiacha. Kuhusu saratani ya mapafu, ushahidi wa bangi hauko wazi kama wa tumbaku, ila wengi wetu huichanganya na tumbaku, kwa hiyo faraja hiyo haiwahusu.

Uraibu upo, ingawa kijiweni watu hukataa kwa sababu wanaulinganisha na wa unga. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba karibu mtu mmoja kati ya kumi na mmoja waliowahi kuvuta huishia kuwa mraibu. Kwa walioanza wakiwa vijana wadogo ni kama mmoja kati ya sita. Chanzo chake kiko kwenye vile vipokezi. Ubongo ukikanyagiwa breki kila siku, unapunguza idadi ya vipokezi ili ujitetee. Matokeo yake kipimo cha jana hakitoshi leo, na bila msokoto mambo ya kawaida, chakula, mpira, maongezi, yanakosa ladha. Mvutaji wa namna hii havuti tena ili apande, anavuta ili afike pale wengine walipoanzia.

Umri una uzito kuliko watu wanavyodhani. Ubongo unaendelea kujijenga hadi karibu miaka ishirini na mitano, na mfumo ule ule wa anandamidi ni mmoja wa mafundi wa ujenzi huo. Mzee wa mtama aliyeanza akiwa na miaka thelathini na mtoto wa kidato cha pili anayevuta nyuma ya choo cha shule hawafanyi kitu kimoja, hata kama kete ni ya muuzaji mmoja.

Na sasa Mirembe. Hospitali hiyo imekuwepo Dodoma tangu mwaka 1927, na kwa kuwa iko hapa hapa, jina lake limegeuka matusi ya mtaani. Je, bangi inamtia mtu wazimu? Jibu linahitaji namba. Utafiti mkubwa uliofanyika kwenye miji ya Ulaya na Brazili na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta wavutaji wa kila siku wana uwezekano wa saikosisi, yaani kupoteza mshiko na uhalisia, mara tatu hivi kuliko wasiovuta. Waliovuta kila siku bangi yenye THC asilimia 10 au zaidi walikuwa karibu mara tano. Wengi wa wavutaji hawaugui kabisa, na huyo ndiye mzee wetu. Wenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua, walioanza wadogo, na wanaotumia kali kila siku ndio wanaobeba sehemu kubwa ya hatari, na huyo ndiye kijana wa redio. Familia nyingi hapa zinajua historia hiyo lakini zimeiita kurogwa, kwa hiyo kijana hajui kwamba hilo lilikuwa onyo lake.

Lipo tatizo moja ambalo hata wahudumu wa afya hulikosa. Mvutaji wa muda mrefu anaanza kutapika kwa mzunguko, siku mbili tatu mfululizo, tumbo linamsokota, vipimo vyote havionyeshi kitu. Anapewa dawa ya taifodi, kisha ya vidonda vya tumbo, kisha anapelekwa kwa mganga. Wakati huo anajitibu kwa kuvuta zaidi, akiamini bangi inakata kichefuchefu. Madaktari wa Australia walieleza hali hii mwaka 2004, na dalili yake ni ya ajabu: maji ya moto ndiyo pekee yanayompa nafuu. Ukimwona kijana anachemsha ndoo ya maji ya kuoga saa saba mchana, jua la Oktoba likiwaka, na ni mara ya nne siku hiyo, muulize kuhusu bangi kabla ya kumuuliza kuhusu chakula. Kuacha kabisa ndiyo tiba.

Sheria haijali asilimia

Malawi iliruhusu mwaka 2020 kilimo cha bangi kwa tiba na viwanda, na habari hiyo ilipofika huku ilikuwa imeshakuwa "Malawi wameruhusu kuvuta". Hawakuruhusu. Na Tanzania haijaruhusu lolote kati ya hayo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inamgusa mvutaji, mkulima na mfanyabiashara.

Watu hunaswa na neno moja, "kusafirisha". Wanadhani lazima uwe na gunia juu ya basi. Tafsiri ya sheria ni pana zaidi: inabeba kununua, kuuza, kumpa mtu, kuhifadhi, hata kumiliki. Kijana aliyemtunzia rafiki yake mfuko chini ya kitanda anaweza kujikuta anajibu shtaka la usafirishaji, ambalo adhabu yake ni miaka 30 jela, na uzito ukizidi kiwango kilichowekwa ni kifungo cha maisha. Mvutaji aliyekutwa na kiasi kidogo cha matumizi yake hukabiliwa na faini au kifungo, au vyote. Umbali kati ya mashtaka hayo mawili ni maisha ya mtu, na mara nyingi unaamuliwa na kilichokuwa mfukoni na jinsi kilivyofungwa.

Kuacha

Kituo cha Itega, kilicho chini ya Mirembe, kinatoa methadoni, na wapo wavutaji wa bangi wanaodhani kuna dozi yao pale. Methadoni ni ya waraibu wa heroini. Kwa bangi hakuna dawa ya kuchukua nafasi yake. Tiba ni mazungumzo ya kitaalamu, mara kadhaa, ya kujifunza ni saa ngapi, wapi, na kwa sababu gani mkono huwa unakwenda mfukoni.

Arosto ya bangi, yaani mateso yanayomjia aliyeacha, haiui, ila inaudhi. Inaanza siku ya kwanza au ya pili, inapanda hadi mwisho wa wiki ya kwanza, inafifia ndani ya wiki mbili au tatu. Hasira za bure, jasho la usiku, chakula hakipiti, usingizi unapaa. Uji mwepesi na matunda hupita pale ugali unapokataa. Kisha zinakuja ndoto, nyingi, za rangi kali, za kutisha pengine. Bangi hupunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto, na ikiondoka ubongo unalipa deni lote kwa mkupuo. Wengi hurudi kuvuta wiki hiyo wakidhani wanachanganyikiwa, kumbe wanapona. Aliyekuwa anachanganya na tumbaku anaacha vitu viwili kwa wakati mmoja, na hasira za nikotini ndizo humpiga kwanza.

Mkojo unaweza kuonyesha THC hadi mwezi au zaidi kwa mvutaji wa kila siku, kwa sababu hujificha kwenye mafuta ya mwili. Kwa aliyevuta mara moja ni kama siku tatu.

Vipokezi vyenyewe huanza kurudi ndani ya siku mbili tu, na kufikia wiki ya nne vinakaribia idadi ya mtu asiyevuta. Chakula kinarudisha ladha kwa mpangilio huo huo. Ila mtu aliyefika hapo ajue jambo moja la kimwili: akirudi kijiweni na kuvuta kiasi kile kile alichokizoea, kitampiga kama mgeni.